Kwaruza Kwanza, Ndipo Ukate

Ndugu msomaji, ukiona kichaka hakina hata jani moja, utasema nini? Mimi nilisema kimekufa. Nikakikata kuni. Nilikosea.

Nilizaliwa Kitale. Kule mvua ni nyingi, na migomba ina majani mapana. Nilipohamia Lodwar, katika Turkana, niliona nchi nyingine kabisa. Lodwar hupata mvua ya karibu milimita 200 tu kwa mwaka. Jua ni kali.

Siku moja ya kiangazi nilichukua panga. Nilikata vichaka 3 vya jamii ya manemane. Mama mmoja jirani, mfugaji wa mbuzi, alinijia. Aliokota tawi, akalikwaruza kwa ukucha. Chini ya ganda kavu mlikuwa na rangi ya kijani, na utomvu ukatoka.

"Mwanangu," aliniuliza, "maiti hutoa damu? Mvua ikinyesha, mbuzi wangu watakula nini?"

Niliona aibu. Tangu siku hiyo naitazama mimea ya nchi kavu kwa makini.

Jani hupoteza maji kupitia vitundu vidogo sana. Jani pana juani hupata joto jingi na hupoteza maji mengi. Kwa hiyo, katika nchi kavu, kila mmea una njia yake ya kujiokoa.

Manemane hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Gome lake la kijani huendelea kutengeneza chakula kidogo kwa mwanga wa jua.

Mgunga una majani madogo sana. Upepo huyapoza upesi. Mgunga ulio kando ya Mto Turkwel huwa mti mkubwa. Mgunga wa aina hiyo hiyo, ukiota mahali pakavu, huweza kubaki mfupi kama kichaka.

Mswaki hubaki na majani mabichi hata kiangazi. Majani yake ni manene, na mizizi yake hufuata maji yaliyo chini ya ardhi.

Je, mimea ilikaa ikaamua hivyo? La. Tangu zamani sana, mimea isiyoweza kuvumilia ukame ilikufa. Ile iliyovumilia ilizaa mbegu, na watoto wake wakafanana nayo. Hivyo hali ya hewa ndiyo iliyochagua.

Mvua ilipokuja, vichaka 2 kati ya vile nilivyokata vilichipua tena. Kimoja hakikuchipua. Mbuzi wa mama yule walipita pale, wakanusa kisiki, wakaenda zao.

Basi ndugu msomaji, kabla ya kukata kichaka kisicho na majani, kwaruza gome lake kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani, kiache. Kiko hai, kinangoja mvua kama wewe.