Mkanda Uliolia Njiani

Mashine haina ulimi, lakini haikosi namna ya kushtaki. Ikikosa maji hutoa mvuke; ikikosa mafuta hugonga; na mkanda wake ukitaabika hulia. Dereva msikivu huyajua mashtaka haya kama mchungaji ajuavyo kikohozi cha mbuzi wake. Asiye msikivu huongeza sauti ya redio akaendelea na safari, mpaka gari limgomee mahali pasipo nyumba wala mti wa kivuli.

Nilijifunza jambo hili katika likizo moja ya shule, nilipofuatana na lori la mjomba lililokuwa likichukua viazi kutoka Kinangop kwenda soko la Kongowea, Mombasa. Safari hiyo ni ndefu, maana kutoka Nairobi hadi Mombasa tu ni karibu kilomita 480. Mjomba hakuwa na lori jingine, na karo yangu na ya ndugu zangu ilitoka katika magurudumu ya hilo moja. Katika muda wa miezi 3 lilikuwa limenunuliwa mikanda 2 mipya, na kila mmoja ulianza kulia kabla haujazeeka.

Giza lilitukuta tukikaribia Mtito Andei. Dereva alipowasha taa, mlio mkali ulitoka chini ya boneti, ukatuchoma masikio. Alipunguza mwendo, akaegesha kituoni, akazima taa huku injini ikinguruma. Mlio ukafifia. Aliziwasha tena, ukarudi. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa nusu ya jibu.

Penye lori lililosimama washauri hawakosekani. Mmoja alisema tuupake mkanda sabuni ya kufulia. Wa pili alitaka tutumie mshumaa. Wa tatu alituhimiza tununue mkanda mwingine. Dereva, aliyekuwa mzee wa makamo, aliwashukuru wote kwa adabu wala hakufuata shauri la hata mmoja. Akaniambia, "Mwanangu, sabuni itaunyamazisha kwa saa moja, kisha itashika vumbi. Mimi nataka kujua unalilia nini."

Yafaa nieleze kazi ya mkanda huo. Huzungushwa na kapi lililo mbele ya injini, nao huzungusha pampu ya maji pamoja na altaneta, mtambo unaotoa umeme wa taa na wa kujaza betri. Umbo lake ni kama la herufi V. Kingo zake mbili hubana kuta za mfereji wa kapi, na kwa kubana huko hupata nguvu ya kuvuta. Ukiteleza, kingo hupata moto na kung'aa kama kioo, na kwa hiyo huteleza zaidi. Mlio wenyewe huzaliwa mkanda unaposhika na kuachia mara nyingi sana katika sekunde moja, kama upinde wa orutu ya Wajaluo unavyoshika na kuachia uzi wake. Taa zikiwashwa, altaneta huwa nzito kuzungushwa. Ndiyo sababu mlio wetu ulifuata taa.

Mkanda ukikatika, pampu husimama, maji hayazunguki tena, na injini iliyobeba mzigo huweza kuchemka kwa dakika chache hata kichwa chake kikapinda. Taa nazo hufa betri inapokwisha. Mbele yetu barabara ilipita kati ya mbuga mbili za Tsavo, ambako tembo huvuka usiku, na baada ya hapo lilikuja joto la Taru. Huko hapakuwa mahali pa kubahatisha.

Dereva alichukua chupa ya maji. Injini ikiwa inanguruma polepole, alisimama mbali na feni, mikono ya shati imekunjwa, akarusha matone machache upande wa ndani wa mkanda. Mlio ulinyamaza kidogo, kisha ukarudi vile vile. "Ungekuwa umelegea tu," alisema, "maji yangeuzidishia kelele. Huu unakwenda upande."

Alizima injini, akatoa ufunguo, tukangoja ipoe. Kwanza aliubonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu. Ulizama kama sentimita 1, kipimo kilichofaa. Kisha tulivuta uzi ukapita juu ya nyuso za makapi. Uligusa kapi la injini na la pampu sawasawa, lakini kapi la altaneta lilikuwa nyuma ya uzi kwa kiasi cha milimita 4. Tuliuvua mkanda. Nililizungusha kila kapi kwa mkono, nikasikiliza. Beringi zote zilikuwa laini. Ndipo mzee aliponiambia niitikise altaneta yenyewe. Ilicheza mahali pake kama jino la mtoto.

Kwenye bolti iliyoishika palikuwa na alama ya duara inayong'aa. Washa zilizokaa hapo zamani hazikuwapo. Huenda zilisahauliwa siku altaneta ilipofunguliwa na kufungwa tena. Mikanda yote 2 ilikuwa imehukumiwa kwa kosa lisilo lake.

Tulinunua washa 2 katika duka la vyuma, tukazitia, uzi ukalala sawa juu ya makapi yote. Tuliurudisha mkanda, tukaukaza, dereva akawasha injini na taa pamoja. Ilisikika sauti ya injini peke yake. Mkanda ule ulitufikisha Mombasa, na huko tukaubadilisha, kwani kingo zilizokwisha kung'aa hazirudishi mshiko wake wa kwanza. Uliowekwa baada yake ulidumu, na karo ya muhula uliofuata ililipwa kwa wakati.

Msomaji wangu, mwenye kutafuta chanzo cha jambo hana budi kuvumilia maswali mengi madogo: lini, wapi, na kitu gani kikibadilika nalo hubadilika? Mzee yule hakuwa na chombo cha thamani. Alikuwa na chupa ya maji, uzi, kidole gumba, na subira ya kutoshawishiwa na jibu la kwanza. Washa zile mbili zilikuwa na bei ndogo kuliko kipande cha sabuni.