Dhahabu na Elimu

Msomaji mpenzi, ikiwa hujapata kufika Osiri, katika Nyatike, Kaunti ya Migori, nakuomba ufuatane nami kwa fikira. Hapo wanaume hushuka katika mashimo membamba wakapanda na mawe. Mashine zenye gololi za chuma huyasaga mawe hayo yakawa unga. Na wanawake huuosha unga huo juu ya mbao za mteremko zilizotandikwa vitambaa. Mchanga mwepesi huenda na maji, na mzito hubaki. Katika huo mzito imo dhahabu, lakini chembe zake ni ndogo mno, vidole haviwezi kuziokota. Basi huitwa msaada wa zebaki, metali iliyo majimaji, nayo huzishika chembe zile zikawa donge moja la rangi ya fedha. Donge hilo huchomwa motoni: zebaki huruka kama mvuke, na dhahabu husalia.

Shangazi yangu alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na karo yangu ya shule ya sekondari ilitoka katika mikono yake. Wakati wa likizo mimi nilikuwa mpepeaji wa moto wake. Nilichutama karibu na kikaango, nikangoja rangi ya fedha igeuke manjano, nikafurahi. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kutuonya. Tulipomaliza, jiko lile lile lilipikiwa ugali.

Nilipoingia chuo kikuu kusoma kemia, nilikutana tena na dhahabu na zebaki, safari hii katika somo la vichocheo. Kichocheo ni kitu kiharakishacho badiliko la kemia, na badiliko likiisha chenyewe husalia. Mfano wake ni mshenga: huunganisha nyumba mbili, kisha hurudi kwake, tayari kutumwa tena.

Zebaki ilikuwa mshenga mashuhuri wa viwanda. Huko Minamata, Japani, kiwanda kimoja kiliitumia kutengeneza asetaldehaidi, na taka zake zikamwagwa baharini tangu mwaka 1932 hadi 1968. Samaki walikula sumu, na watu wakala samaki. Ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956: mikono ilitetemeka, macho yalififia, na watoto walizaliwa na vilema. Katika viwanda vingine zebaki iliunganisha asetilini, gesi ile ya mafundi wa kuchomelea vyuma, na hidrojeni kloridi, ili kupata malighafi ya plastiki ya mabomba ya maji.

Ni nani angeweza kushika nafasi ya mshenga huyu mwovu? Jibu lilitoka Johannesburg, mji uliojengwa kwa dhahabu. Mwaka 1985 mwanakemia Graham Hutchings, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alizipanga metali mbalimbali kwa tabia zake za umeme, akabashiri kwamba dhahabu ingezishinda zote katika kazi hiyo ya asetilini. Majaribio aliyoyafanya baadaye pamoja na wenzake wa chuo hicho yalimthibitisha. Mwaka 1987 Masatake Haruta wa Japani naye alitangaza kwamba chembe ndogo za dhahabu huigeuza kaboni monoksidi, sumu ile iuayo watu waliolala na jiko la makaa chumbani, ikawa hewa isiyo na madhara hayo. Nazo hufanya hivyo hata katika baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri.

Wataalamu walistaajabu, kwa maana dhahabu ilisifiwa kwa kutobadilika: haishiki kutu, wala haipendi kuungana na kitu. Siri ilikuwa katika udogo. Chukua kipande cha dhahabu chenye upana, urefu na kimo cha sentimita 1. Uso wake wote ni sentimita 6 za mraba, na atomu zilizo ndani hazikutani na mtu. Kigawanye katika vipande vya nanomita 1, yaani sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni 1, na uso huo utakuwa mita 6,000 za mraba, karibu sawa na uwanja wa mpira. Dhahabu haikuongezeka hata kidogo. Imetawanywa tu, na karibu kila atomu imepata mlango wa kutokea kazini. Kule Osiri dhahabu hukusanywa ipate bei. Katika maabara hutawanywa ipate kazi.

Niliyafahamu hayo nikiwa katika mwaka wa pili. Hata hivyo, msomaji, likizo mbili zilipita, nami nikakaa kando ya moto ule ule nikanyamaza. Nilijiambia kwamba mtoto hamfundishi mzazi, na kwamba mkono ulionilisha haustahili lawama. Ukweli ni kwamba niliogopa. Siku moja shangazi alipokuwa akinimiminia chai, niliona mkono wake ukitetemeka. Hakuna daktari aliyempima, nami siwezi kusema ni uzee au ni zebaki. Lakini siku hiyo nilisema yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mwanangu, uliyajua haya tangu lini?"

"Tangu mwaka wa pili, shangazi."

"Ukaja hapa, ukala ugali wangu, ukaniona nikichoma?"

Sikuwa na jibu, wala sinalo leo.

Hakuacha kazi yake, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Lakini tulikwenda kwa fundi, akatutengenezea chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba linalopita katika maji. Mvuke hupoa humo ukawa zebaki tena, ikatumika mara ya pili. Moto tuliuhamisha mbali na nyumba. Si dawa kamili, maana mikono bado hugusa zebaki, na inayomwagika huweza kufika ziwani. Lakini jiko la ugali lilipata amani. Jirani zake walikuja kutazama, naye ndiye aliyewafundisha.

Msomaji, wewe nawe unakusanya elimu kila siku. Elimu iliyo donge kichwani mwa mtu mmoja ina bei: hupata cheti, hupata mshahara. Lakini atomu zake za ndani zimelala. Ukijua jambo liwezalo kumponya mtu, usingoje likizo mbili kama nilivyongoja mimi. Mwambie leo, kwa adabu, na umwambie kwanza yule aliyekulipia karo.