Kabla ya kuformata kompyuta, okoeni sauti kwanza

BUNIA. Asubuhi saa mbili, fundi wa mitambo wa redio moja ya mtaani alikuta kompyuta ya studio imesimama kwenye kioo cheusi chenye maandishi meupe. Usiku umeme ulikatika, jenereta haikuwa na mafuta, mashini ikazimika ghafla ikiwa kazini.

Ndani yake mlikuwa na sauti za wahami wa Kigonze na wa kambi nyingine, waliokuja kutaja majina ya ndugu waliopotezana nao wakati wa kukimbia vijiji vya wilaya ya Djugu. Mama mmoja alitaja watoto wawili, umri wao na nguo walizovaa siku ile. Sauti yake ilipangwa kupita hewani jioni. Nakala nyingine haikuwepo.

“Yaya, tuformate tu,” kijana wa studio akasema. “Saa moja tu, kazi imekwisha.”

“Na yule mama tutamwambia nini?” fundi akamjibu.

Kompyuta hiyo inatumia Ubuntu, mfumo wa bure wa jamaa ya Linux, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na mradi ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Wengi wanauogopa kwa sababu ukipata shida unamwaga Kiingereza kingi kwenye kioo. Lakini maandishi hayo ndiyo yanayoonyesha ugonjwa. Hapa yalisema fsck ifanywe kwa mkono kwenye /dev/sda1. Maana yake, orodha inayoonyesha kila faili liko wapi imevurugika, maana umeme ulikatika diski ikiandika. Diski yenyewe inaweza kuwa bado nzima.

Fundi hakuanza kutengeneza. Alichomeka flashi yenye Ubuntu, akaiwasha mashini kupitia flashi hiyo, akachagua kujaribu bila kusakinisha. Akaifungua diski kwa kusoma tu, akanakili sauti zote kwenye diski ya nje. Akafungua ile ya mama, akaisikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa nzima.

Ndipo akaifunga diski ya kompyuta na kuandika: sudo fsck -f /dev/sda1. Amri hii haifanywi hata siku moja kwenye diski iliyo wazi. Tena jina sda1 linaweza kuwa tofauti kwenye mashini yako. Andika lsblk kwanza uone.

Kompyuta ikawaka, lakini kila alipoandika neno la siri, ilimrudisha palepale mlangoni. Akabonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, akaingia kwa njia ya maandishi, akaandika df -h. Jibu: 100%. Diski ilijaa matangazo ya zamani. Mfumo ukikosa nafasi ya kuandika hata faili dogo, unaweza kushindwa kukufungulia, hata kama neno la siri ni sahihi. Aliandika sudo apt clean kuondoa mabaki ya programu zilizopakuliwa, akahamisha matangazo ya zamani kwenye diski ya nje, akawasha upya. Safari hii akaingia.

Saa kumi na mbili jioni, sauti ya mama ilipita hewani. Hakuna aliyepiga simu siku hiyo, wala kesho yake. Redio inairudia kila jioni, na inaweza kuirudia kwa sababu bado ipo.

Sasa kila Ijumaa kijana wa studio ananakili sauti zote mpya kwenye diski ya nje, na diski hiyo hailali studioni.

Familia zenye picha na sauti za ndugu kwenye kompyuta au simu, fundi akiwaambia “tuformate”, msikubali haraka. Mwombeni anakili kwanza, kisha mfungue nakala hiyo mwone kama inasikika. Programu inasakinishwa tena hata mara kumi. Sauti ya mtu iliyofutwa, nani atairudisha?