Gari Ipo, Maalim?

Fundi aliifunga boneti kwa kuilalia, maana loki yake ilikwisha kufa zamani. Akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, akaniambia, "Maalim, gari yako haiumwi. Imezeeka. Na mzee hatibiwi, anatunzwa."

Hiyo ilikuwa 2009, chini ya mwembe wa gereji moja pale Wete. Nilikwenda na tatizo moja, breki inayolia, nikarudi na orodha ya vitu saba, kila kimoja na bei yake kwa penseli.

Gari yenyewe ni Toyota Corolla iliyotoka kiwandani 1992, ile yenye mgongo mrefu na mlango wa nyuma. Niliinunua Unguja 2003, kwa akiba ya miaka sita na deni kwa shemeji. Ikapanda meli, ikashuka Mkoani, nami nikaiendesha mpaka Konde usukani nimeushika kwa mikono miwili kama niliyebeba sinia la mayai. Ubavuni mwa mlango wa dereva palibandikwa kikaratasi cha Kijapani kilichoandikwa kwa kalamu. Miaka ishirini sikupata wa kunisomea. Fundi alidhani ni tarehe ya kubadilisha oili. Mama yangu alidhani ni hirizi, akatukataza tusikibandue.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilianza kusomesha 1988 nikastaafu 2022, na muda wote huo sikutoka kaskazini ya Pemba. Mtu wa hesabu akinunua gari hununua na daftari. Nilichukua kauntabuku, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa: kushoto kilichotoka, kulia kilichoingia. Upande wa kushoto ulijaza kauntabuku tatu. Upande wa kulia, kwa miaka yote hiyo, una mistari minne: shilingi 5,000 za bwana mmoja mgeni asiyejua mila zetu, mkungu wa ndizi, jogoo, na shilingi 20,000 za kumchukua bibi harusi. Huo wa nne umekatwa kwa wino mwekundu. Mke wangu aliziona zile pesa mezani, akauliza zimetoka wapi, na jioni ile ile akanituma nizirudishe. Bibi harusi alikuwa mtoto wa binamu yake.

Watu wa bara huuliza gari imetembea kilomita ngapi. Kwetu swali hilo halisemi mengi. Kisiwa kizima kina urefu wa kilomita 67 hivi. Ukitoka Konde asubuhi, kabla ya adhuhuri Mkoani umefika na bahari iko mbele yako. Gari ya Pemba haifi kwa mwendo. Inakufa kwa chumvi, mvua na vilima. Waarabu walikiita kisiwa hiki Jazirat al-Khadhra, kisiwa cha kijani, wala hawakukosea, ila maji yanayokitia ukijani ndiyo hayo hayo yanayokula bati. Kutu haianzi pale unapopaona. Inaanza chini ya zulia, kwenye sakafu, mahali ambapo watoto wanaingia na miguu ya mchanga wa pwani na maji yakakaa. Yangu niliijua siku mwanangu wa mwisho, wa miaka minne, alipopiga kelele nyuma ya kiti changu: "Baba, barabara inakimbia!" Alikuwa ameinama anaitazama kupitia tundu la ukubwa wa sahani ya chai. Kiatu chake kimoja kilikwisha kupita hapo, na mpaka leo sijui kilianguka wapi.

Kuchomelea sakafu ile kulichukua wiki mbili, na kazi yenyewe haikufika saa tatu. Wakati ule umeme wa Pemba ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na mchomeleaji alikaa na vyuma vyake mkononi akiusubiri kama mvuvi anayesubiri maji kujaa. Ulipofika ndipo akachomelea, ukikatika akaenda zake kuswali. Mwaka 2010 waya ukatandazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na wachomeleaji wakawa watu wa kuaminika. Nikisikia wanasiasa wanahesabu faida za waya ule, mimi huongeza moyoni: na sakafu ya Corolla.

Vilima navyo vina ada yao. Barabara ya zamani ya Chake Chake hadi Wete haijui kunyooka. Inapanda kilima cha mikarafuu, inashuka bonde la mpunga, inapinda, inapanda tena. Miaka yangu ya mwanzo nilibadilisha laini za breki kila miezi mitano, nikamshuku fundi kuwa ananiuzia za bandia. Siku moja akaniomba nimpeleke Chake, akakaa kimya njia nzima akiutazama mguu wangu wa kulia. Tulipofika akasema, "Maalim, weye unashuka kilima kwa breki. Shuka kwa gia. Tia ya pili, iache injini ikushike." Tokea siku ile laini zangu zikawa zinamaliza mwaka na ushee. Somo lile hakunitoza kitu, nami katika daftari sikuwa na safu ya kuliandikia.

Si kila fundi alikuwa kama yeye. Kulikuwa na mmoja, sitamtaja wala mji wake, aliyenitolea themostati na kuitupa kichakani. "Nchi ya joto hii, ya nini?" Maneno hayo utayasikia Afrika Mashariki nzima, na yanaingia akilini mpaka uyafikirie. Kile kidude hakipo kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Kinazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi, ndipo kinafunguka. Ukikitoa, injini inabaki baridi mwanzo wa safari, na kompyuta yake inaiongezea petroli ikidhani bado ni alfajiri. Safari zetu sisi ni fupi. Injini inakaribia kupata joto, umekwisha fika. Niliunguza petroli ya ziada karibu mwaka mzima kabla ya Fundi wangu kugundua. Nilipiga hesabu: zile lita zingenunua themostati kumi na moja.

Kosa kubwa kuliko hilo lakini nililifanya mwenyewe. Mwaka 2012, njiani kutoka Msuka, rejeta ikaishiwa maji, nikachota ya kisima cha jirani na pwani. Maji yale yana chumvi; watu hawayanywi, wanafulia tu. Nikasema nitayamwaga nikifika nyumbani. Sikuyamwaga. Baada ya miezi minne rejeta ilikuwa imeoza kwa ndani, na karibu na Finya mshale wa joto ukapanda hadi juu, moshi mweupe nyuma, na nilipochomoa kijiti cha oili nikakuta rangi ya chai ya maziwa. Kwa asiyejua: hiyo ni gasketi ya silinda hedi imeungua, maji na oili vimeoana.

Hedi ikafunguliwa, ikatiwa kwenye gunia, ikasafiri na binamu yangu kwenda Unguja kuchongwa kwenye mashine, kwa kuwa joto lilikuwa limeipinda. Binamu alisema baharia mmoja alimuuliza kama amebeba pweza, jinsi gunia lilivyokuwa linachuruzika. Ukurasa ule wa daftari ninaukumbuka kwa moyo: kuchonga 60,000, gasketi 35,000, oili 28,000, fundi 70,000, nauli za binamu na gunia 40,000. Jumla 233,000, zaidi ya nusu ya mshahara wangu. Rejeta sijaitia hapo.

Na hivyo ndivyo spea zilivyotufikia sisi. Unakitoa kilichokufa, unakifunga, unampa mtu anayevuka. Naye anakizungusha maduka ya Darajani kama anayetafuta ndugu wa marehemu: "Nataka kama hiki." Ukikosa Unguja, kinavuka tena hadi Kariakoo. Huko utaulizwa unataka ya asli, ya Dubai, au mtumba wa Japani. Fundi wangu siku zote alisema mtumba. Kikuukuu cha Mjapani, kwa imani yake, kinamshinda mpya asiyejulikana baba yake. Alinifunga mdomo siku belti ya taiming ilipokatika kwenye mwinuko nami nikiwa nimekwisha kujiandaa kwa msiba. Akafunga nyingine, akapiga stata, ikanguruma. "Injini hii ina adabu," akasema. "Nyingine belti ikikatika pistoni zinazipiga valvu, unanunua injini nzima. Hii inazima tu, inakungoja."

Msimu wa karafuu viti vya nyuma vililazwa, na gari ikawa ya ukoo mzima. Mama ana mikarafuu yake, ami ana yake, na hakuna aliyeuliza petroli. Asubuhi nilipeleka wachumaji, jioni nilirudisha mapakacha ya karafuu mbichi, na zilipokauka nikapeleka magunia kwenye kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Miaka ile kilo ya daraja la kwanza ikinunuliwa kwa 14,000, nilibeba nyuma ya Corolla mapato ya watu ambayo mimi sikuwahi kuyashika kwa mkono wangu. Springi za nyuma zililala zisiinuke tena. Harufu nayo haikutoka. Wanafunzi walisema wananijua nimefika skuli kabla hawajaniona.

Kuna kurasa tupu pia. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama mkondo wa Nungwi ikija Pemba. Alfajiri palibishwa hodi, na tokea hapo sikutoka kwenye usukani. Nilichukua watu kuwapeleka kwa jamaa zao, nikapeleka mchele kwenye matanga, nikaenda Wete na kurudi na watu wanne wanaosikiliza majina redioni, hakuna anayesema neno. Siku tisa sikuandika kitu. Petroli niliitia, maana gari ilitembea, lakini wapi na kwa pesa ya nani sikumbuki.

Mwaka uliofuata, kidato cha pili, nilitaka kuwafundisha wastani kwa mfano wa kweli. Nikaandika ubaoni matumizi ya gari kwa mwaka: petroli, mipira miwili, betri, bima ile ndogo, leseni ya njia, fundi. Nikaandika idadi ya abiria niliowabeba kwa kukisia. Tafuta gharama ya kila abiria. Wakainama kuandika, isipokuwa msichana mmoja wa mbele ambaye alinyoosha mkono.

"Maalim, na maiti anahesabiwa abiria?"

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemtoa babu yake hospitali kumrudisha kijijini. Hakuwa na utani hata kidogo. Alitaka jibu lake litoke sawa. Nikafuta ubao, tukaendelea na sehemu.

Miaka ya mwisho ilikuwa ya kujibana. Kila mwezi nilisubiri ZURA watangaze bei ya mafuta kama vile watu wanavyosubiri mwezi kuandama, na 2022, vita vya Ukraine vilipoyapandisha dunia nzima, nikawa natia ya kufika na ya kurudi tu. Watoto wa mtaani waliiita mkweche, mbele yangu, kwa heshima zote. Pensheni ikaja, nikakaa na kauntabuku zangu tatu usiku mmoja nikajumlisha. Jumla siitaji hapa. Mke wangu aliichungulia begani, akasema, "Ungenunua gari tatu." Halafu akanyamaza, akasema tena, "Zote zingekuwa za watu."

Niliiuza 2023 kwa kijana wa mtaa wa pili, anayechukua samaki Msuka kuwapeleka Wete. Alibandua kile kikaratasi cha Kijapani siku ya kwanza. Nilimwona, sikusema kitu.

Kama miezi mitatu baadaye, saa nane za usiku, hodi. "Maalim, gari ipo?" Ni jirani, binti yake ameshikwa na uchungu. Niliinuka, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye msumari wa ukutani unapotundikwa ufunguo, ukakuta msumari. Nikampigia simu yule kijana. Alikuja, Mungu amjaalie, lakini kabla hatujaondoka akatoa kichwa dirishani: "Petroli hamna, maalim." Jirani alikuwa hana hata viatu. Nikatoa 10,000, kijana akaitazama kwenye taa, akaitia mfukoni.

Mara ya kwanza katika miaka ishirini nilikaa kiti cha kushoto. Karafuu bado zilinuka, chini ya samaki. Kilima cha kwanza alishuka kwa breki, nikajizuia. Cha pili nikashindwa: "Tia gia ya pili, mwanangu." Akatia. Breki ilipoachiwa, ule mlio ukasikika vizuri, chini ya miguu yangu, mwembamba, unaopanda na kushuka na mzunguko wa mpira.

"Unausikia?" akaniuliza.

"Beringi. Ya mbele, kushoto."

Akafikiri mpaka tukavuka bonde. "Ulikuwapo ulipokuwa unaniuzia?"

Nyuma yetu binti wa watu akaguna kwa nguvu, mama yake akamshika. Kijana akasahau swali, akakanyaga mafuta.