Albamu Isiyo na Neno Hata Moja

Sisi tuliolelewa na redio ya Kiswahili tuna swali moja kwa kila wimbo: unasema nini? Mbaraka Mwinshehe tunamkumbuka kwa ujumbe wake kabla ya vidole vyake, ingawa vidole vile vilikuwa hatari. Taarabu ndiyo kabisa, mashairi kwanza. Hata kwenye Bongo Fleva, ukitaka kumsifu msanii unasema ana mistari. Sasa chukua albamu ya nyimbo 12 ambazo hakuna anayeimba, hakuna kiitikio, hakuna hata mtu wa kupiga kelele "twende!" Utaiuliza nini?

Albamu yenyewe inaitwa Animals as Leaders, na hilo ndilo jina la bendi pia. Ilitoka Marekani mwaka 2009. Mwenye kazi ni Tosin Abasi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, anayepiga gitaa la nyuzi nane badala ya sita tulizozoea. Mtindo wenyewe ni metali ya progresivu: magitaa mazito yenye mkwaruzo, mapigo yanayobadilikabadilika, nyimbo zisizofuata njia ya ubeti na kiitikio. Mwenzangu wa chumba cha habari alinirushia kwenye simu siku nyingi. Nimeisikiliza mara ya kwanza mwezi huu, huku Nyamigogo, ambako nimekuja kumuuguza mzee.

Mzee alipata kiharusi. Mguu unarudi taratibu, mkono pia, ila maneno hayajarudi. Kuelewa anaelewa kila kitu. Anakuangalia kwa jicho lilelile la kukukosoa, anafungua mdomo, kinatoka kipande cha neno, anakasirika, ananyamaza. Na nyumba yenye mgonjwa, mnaijua, hujaa maneno ya wengine. Kila anayekuja kutoa pole anauliza "mzee unaendeleaje?" halafu anajijibia mwenyewe. Jioni wageni wakishaondoka nilikuwa natamani kitu chenye sauti kisichosema chochote. Ndipo nikaikumbuka ile albamu.

Wimbo wa kwanza, "Tempting Time", ulinipiga kama mvua ya mawe kwenye bati. Nilijaribu kuhesabu kwa kidole gotini, moja mbili tatu nne, nikapotea kabla dakika haijaisha. Kilichonisaidia ni muziki wetu wa dansi. Wapenzi wa dansi mnajua chemko: pale waimbaji wanapopumzika, magitaa yanashika usukani na watu wanainuka vitini. Nikaanza kuisikiliza albamu hii kama chemko lisilotanguliwa na wimbo, ikaanza kufunguka. Tofauti ni kwamba chemko hukuzungusha palepale mpaka mwili ushike. Abasi akishaona umeshika tu, anahama.

Si kila kitu kimenifurahisha. Ngoma za albamu hii hazikupigwa na mtu; zilipangwa kwenye kompyuta na Misha Mansoor wa bendi ya Periphery, ambaye pia alishiriki kuitayarisha albamu. Zimenyooka kama mstari wa rula. Kwa sikio lililokulia huku karibu na Burundi, ambako ngoma nyingi hupigwa na mikono mingi na kila mkono una uzito wake, naona zinakosa jasho. Na kuna mahali, kwenye "CAFO" kwa mfano, vidole vinakimbia mpaka unajiuliza kama ni muziki au ni mashindano.

Lakini kuna habari moja ya kwetu wasomaji. Jina la bendi lilitokana na riwaya ya Daniel Quinn, Ishmael, iliyotoka mwaka 1992. Mwalimu wa riwaya hiyo ni sokwe mkubwa, gorila, anayemfundisha mtu mzima namna binadamu walivyojipa umiliki wa dunia. Na anamfundisha bila kufungua mdomo. Mawazo yanahama kutoka kichwa hadi kichwa. Yaani albamu isiyo na maneno imepewa jina kutoka kwa kiumbe anayesema bila sauti. Nililiwaza hilo huku nikimtazama mzee, na ikabidi niisimamishe simu kidogo.

Halafu nikaikumbuka inanga. Kihangaza cha Ngara na Kirundi ni lugha ndugu, kwa hiyo muziki wa Burundi kwetu si wa kigeni. Kuna inanga ya kunong'ona ya kule: mpigaji hunong'ona maneno, na nyuzi hubeba kupanda na kushuka kwa sauti ambako mnong'ono peke yake hauwezi kukubeba. Sikio la msikilizaji linaviunganisha. Wazee wetu walijua zamani kwamba uzi unaweza kumsaidia mtu kusema.

Basi siku ya tatu nikaitoa hedifoni, nikaunganisha simu na spika ndogo, nikamwekea mzee "Behaving Badly". Hazikupita sekunde 20. Aliinua mkono ule mzima, kiganja wazi: zima. Nikamwekea "Modern Meat", ambamo mkwaruzo unapumzika na gitaa linasikika tupu, la mbao. Akalaza kichwa kwenye mto. Ulipoisha akazungusha kidole hewani: rudia.

Siandiki kwamba muziki umemponya; hiyo ni kazi ya madaktari na mazoezi. Ninachosema ni hiki. Kwa majuma mazima tumekuwa tukimuuliza mzee maswali ya ndiyo na hapana: una njaa, unaumwa, tukugeuze? Hapa hakuulizwa kitu, akatoa maoni. Alikataa moja, akachagua nyingine, na kwa kweli alichagua vizuri. Wimbo wenye maneno ungetuweka pande mbili, mimi mwenye kuyaweza na yeye asiyeyaweza. Huu umetukuta wote hatuna la kusema.

Kwa atakayeijaribu: anza na "Modern Meat", uende "On Impulse", "Tempting Time" iache mpaka sikio lizoee. Mimi nimefika "Song of Solomon", wimbo wa mwisho, na nitairudia yote tangu mwanzo. "Behaving Badly" tu ndiyo nitaisikiliza kwa hedifoni. Mzee bado haitaki.