Weka Simu Chini, Angalia Kifua

Leo sina kichekesho.

Mdogo wangu alianguka kwenye mwembe hapa Nanighi, mkono ukavunjika. Tukamkimbiza hospitalini kwa pikipiki. Daktari akasema mfupa lazima urudishwe mahali pake, na mtoto hatavumilia maumivu hayo akiwa macho. Akauliza alikula saa ngapi, maana akitapika akiwa amelazwa, matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Ndipo akadungwa ketamini.

Macho yalibaki wazi lakini dogo hakuwa nasi. Akaanza kuongea mambo ya mamba. Mimi huyo, simu nje, narekodi. Si mnajua video kama hizo zinavyopata watazamaji?

Kichwani pa kitanda alisimama sista mmoja, kazi yake kumwangalia dogo tu. Kidoleni alikuwa amembana kale kakifaa kanakopima oksijeni kwenye damu. 98. Daktari akavuta mkono. 94. 91. 88. Kifaa kikaanza kulia. Sista hakupiga kelele. Akamwinua kidevu ili njia ya hewa ifunguke, akamwekea oksijeni, macho yake hayatoki kifuani. Namba ikapanda.

Kisha akanigeukia: "Kijana, weka simu chini. Ukitaka kuangalia kitu, angalia kifua cha ndugu yako."

Usiku niliitazama ile video. Namba inaonekana kabisa ikishuka, na sauti inayosikika ni yangu, nacheka. Nikaifuta.

Chuo niliacha, kwa hivyo sitajifanya daktari. Lakini mnamkumbuka Michael Jackson? Hakukosa pesa wala daktari. Mwaka 2009 alidungwa propofol nyumbani kwake ili apate usingizi, bila vifaa vya kutosha vya kumfuatilia, na daktari akamwacha peke yake chumbani. Hakuamka. Mwaka 2011 daktari huyo alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Dogo wa Nanighi alipata kitu ambacho nyota huyo alikikosa: mtu asiyebandua macho.

Dawa ya kulaza haiondoi maumivu tu. Inaweza kukusahaulisha hata kupumua. Kwa hivyo mtu wako akienda kulazwa, kabla ya sindano uliza swali moja: "Nani atakuwa akimwangalia?" Na msiharakishe kumtoa, mpaka aamke kabisa.

Dogo yuko sawa. Bado anaulizia mwembe.