Mbegu Hailiwi Siku ya Sikukuu

Vikundi viwili vya jirani vimetuuliza tulifanyaje kutembea na watoto na kusherehekea tangu mwezi wa tisa hadi leo tunapokaribia Noeli, miezi ambayo ghala ni tupu na mfuko ni mwepesi. Tunajibu hapa, sisi wamama 11, kwa sababu jibu ni refu kuliko salamu za njiani.

Kila mama wa huku Kamina anaijua miezi hiyo. Mahindi ya mavuno yaliyopita yanakaribia kwisha, mawingu yanaanza kujikusanya, na jembe linangoja. Katika nyumba nyingi kinachobaki ni mbegu: magunzi yaliyochaguliwa na kutundikwa juu ya moshi wa jiko ili wadudu wasiyaguse. Na ni katika miezi hiyohiyo masomo yanafunguliwa, watoto wanabatizwa, ndugu wanatoka Lubumbashi na Likasi kuja kusalimia. Tumbo linataka, wageni wanataka, na jicho la mama linapanda juu ya moshi, pale mbegu ilipo.

Mwaka huu jambo hilo lilimfikia mdogo wetu wa kikundi. Ana miaka 20. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwezi wa kwanza. Baba mtoto alikwenda Kolwezi kutafuta kazi baada ya Pasaka, na pesa anazotuma kwa simu zinakuja mwezi mmoja, zinakosa miwili. Nyumbani mdogo wetu alibaki na ndoo moja ya mbegu ya mahindi na karanga kidogo za kupanda. Nao ukoo wa mume ulitaka ubatizo mkubwa kabla ya Noeli: mbuzi, vinywaji vya chupa, kikwembe cha sare kwa mashangazi wote. Mama mkwe alisema wazi kwamba mjukuu wake wa kwanza hataingia kanisani kama mwizi. Hatumlaumu. Yeye mwenyewe alifanyiwa hivyo enzi za ujana wake, na kwake heshima ya mtoto inaonekana kwa macho ya watu. Lakini mdogo wetu alianza kuulizauliza bei ya mahindi sokoni, na hakuwa na pesa ya kununua. Alitaka kuuza.

Mkutano wa mwezi wa tisa ulikuwa wa jambo hilo moja. Mama mkubwa wa kikundi, aliyezaa wanane na kuzika wawili, alisema: “Akila mbegu mwezi wa kumi na mbili, mwezi wa tatu mtoto atakula nini?” Tukatikisa vichwa. Kisha akaongeza: “Na akifungiwa nyumbani peke yake, bila rafiki wala sherehe, hata nguvu ya kushika jembe hatakuwa nayo.” Hapo tulinyamaza zaidi, maana kila mmoja wetu alikumbuka mwaka wake wa kwanza na mtoto.

Tulipanga mambo manne, yakaandikwa katika daftari la likelemba. La kwanza, kila mwezi tutatoka mara moja pamoja na watoto, mahali pasipolipiwa. La pili, hakuna kikwembe cha sare. Kila mama atavaa kizuri alicho nacho. La tatu, chakula cha sherehe kitakuwa cha sahani: kila mmoja analeta alichopika kwake, na mwenye sherehe anatoa makala na maji tu. La nne, mbegu ya kila mama mwenye mtoto mchanga italala kwa mama mkubwa mpaka siku ya kupanda. Halafu tukahamisha zamu. Likelemba ya mwezi wa kumi, iliyokuwa ya mama mshonaji, ilikwenda kwa mdogo wetu, na mshonaji akapewa ya mwezi wa kwanza. Hakuna aliyeongeza hata franka moja.

Matembezi ya kwanza yalikuwa ya masomo yenyewe. Tangu mwezi wa tisa 2019 shule za msingi za serikali hazitozi karo, lakini daftari, viatu, shati nyeupe na sketi ya bluu vinatoka mfukoni mwa mzazi. Mama mshonaji alikata mashati ya wakubwa akatoa ya wadogo, na siku ya kufungua tuliwasindikiza watoto wote kwa pamoja, hata wenye baba nyumbani. Mtoto ambaye baba yake yuko mbali hakuonekana kuwa tofauti na wenzake.

Jumamosi iliyofuata tulishuka mjini kuwaonyesha kituo cha gari la moshi. Mji wetu umekua kwa reli. Mwaka 1928 njia iliyopanda kutoka Bukama ilifika Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, na Kamina ikawa mahali pa kupitia. Miaka ya 1950 ikaongezwa njia ya kwenda Kabalo. Siku ile hakukuwa na gari la abiria, ila mabehewa ya mizigo yalikuwa yamesimama. Watoto waliyahesabu wakafika 23, kisha wakagombana kama moja limehesabiwa mara mbili. Tulikula viazi vitamu vya kuchemsha na karanga tulizobeba. Mdogo wetu alimwinua mwanawe akamwonyesha reli, akamwambia: “Baba alipita hapa.” Tukiwa njiani kurudi ndipo alipotuambia kwamba tangu mume aondoke, hakuwahi kufika mjini bila kitu cha kuuza kichwani.

Mwezi wa kumi mtoto alitimiza miezi 9, umri wa chanjo ya surua na ya homa ya manjano. Wamama wengi wanaona siku ya chanjo ni siku ya mstari mrefu na vilio. Tuliigeuza kuwa matembezi. Wanne wetu walikuwa na watoto wachanga, wengine walibeba mifuko na mwavuli. Anayekwenda peke yake, jua likimkamata njiani, anajiambia atarudi juma lijalo, na juma lijalo lina kazi zake. Wanne wakienda pamoja, hakuna wa kurudi. Baada ya sindano tulikaa chini ya mti wa maembe, tukawapa watoto uji wenye karanga za kutwanga, sisi tukanywa munkoyo, na kila mama akasoma kadi ya mwenzake: uzito umepanda au umesimama. Mama mmoja aliona uzito wa mwanawe umesimama miezi miwili. Hatukusubiri mkutano. Tangu jioni ile karanga na samaki wa kusaga zikawa zinapita kwake, na mwezi uliofuata mizani ilisogea.

Pesa ya zamu mdogo wetu aliipokea mwezi huohuo. Alinunua chandarua, jembe jipya na sabuni. Kilichobaki alikifunga katika kitambaa akasema ni cha ubatizo.

Tarehe 15 ya mwezi wa kumi ni Siku ya Kimataifa ya Mwanamke wa Kijijini. Umoja wa Mataifa uliikubali, na iliadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2008. Mahali pengine wanaiadhimisha kwa maandamano na hotuba. Sisi tuliiadhimisha kwa majembe, katika shamba la mdogo wetu. Wamama tisa walilima kwa nyimbo, wawili wakabaki kivulini na watoto wachanga. Kulea watoto wa wenzako wakati wanalima nayo ni kazi, na iliandikwa hivyo katika daftari, sawa na jembe. Saa ya kula tulipika bukari pale pale shambani na sombe, na watoto wakubwa walipotoka masomo walitukuta tukicheza. Mpita njia mmoja aliuliza ni harusi ya nani. Tukamwambia ni ya shamba.

Mvua ilipokaa sawasawa mwezi wa kumi na moja, mama mkubwa aliitoa ndoo. Ilipimwa mbele ya wote, ikawa kama ilivyoingia. Asubuhi mbili zilitosha kupanda mahindi, karanga zikafuata. Juma hilohilo kumbikumbi walitoka jioni baada ya mvua kubwa, na watoto wa nyumba zote walikusanyika kwenye taa moja na beseni la maji. Tuliwakaanga kwa chumvi kidogo juu ya mbabula, wakubwa na wadogo wakala kwa mikono mpaka usiku. Karamu hiyo hakuna aliyeialika wala kuilipia, na watoto ndiyo wanayoikumbuka zaidi kuliko zote.

Jumamosi kabla ya ubatizo tuliwapeleka watoto mjini kusikiliza kwaya ikijizoeza. Hapo mama mkubwa aliwaambia jambo ambalo wengi wao hawakulijua: Missa Luba ilizaliwa hapa Kamina. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda kwaya ya wavulana wa shule ya Kamina pamoja na walimu wao, na mwaka 1958 waliimba misa hiyo hapa, kisha wakaimba Ulaya, mpaka kwenye maonyesho makubwa ya Brussels. Sauti zilizowashangaza wageni zilitoka katika nyimbo za nyumbani: za kilio, za kuagana, za ngoma. Zilikuwa mali ya watu wa hapa tayari, hazikununuliwa popote. Binti mmoja aliuliza kama wasichana nao walikuwamo. Tukamjibu kwamba wakati ule walikuwa wavulana tu. Akaitazama kwaya iliyokuwa mbele yetu, ambayo wasichana ni wengi, akarudi kusikiliza.

Jumapili ya ubatizo sahani zilifika moja moja: bukari, sombe ya karanga, matembele, maharagwe, samaki wa kukauka kutoka Bukama, vitumbua. Mama mkwe alileta kuku wawili, uso umefungwa. Maji tulikuwa tumeyachemsha tangu jana yake. Huku kwetu kipindupindu hakiko mbali, kinakaa kwenye kingo za Lualaba na maziwa ya Upemba, na mvua hukiamsha. Ndoo yenye bomba na sabuni iliwekwa mlangoni, na hakuna aliyegusa chakula kabla ya kunawa, hata wazee.

Mama mkwe alitutazama mmoja mmoja, kila mtu na kikwembe chake. “Mmevaa kama watu wa sokoni,” akasema. Mama mkubwa akamjibu kwa upole: “Sokoni ndiko wanakofika watu wote, mama.” Wengine walicheka, yeye hakucheka. Baba mtoto hakuweza kuja. Alipiga simu wakati wa kula, na simu ikazunguka mkono kwa mkono, kila mtu akimwimbia kidogo; ilipofika kwa mama yake tulisikia hesabu ya mbuzi ikianza, kisha chaji ikaisha.

Baadaye mdogo wetu alimshika mama mkwe mkono akampeleka shambani. Mahindi yalikuwa yamepita magoti. Walikaa huko muda. Waliporudi, mama mkwe hakusema neno juu ya mbuzi. Aliuliza nani aliyepalilia, tukamwambia ni zamu, akauliza zamu inayofuata ni lini. Hatujui kama amekubali yote. Shangazi mmoja bado anasema ule ulikuwa ubatizo wa masikini. Nasi tunasema masikini ni yule atakayeamka mwezi wa tatu bila kitu cha kuvuna.

Kwa hiyo kwa vikundi vilivyotuuliza, haya ndiyo tuliyoyaona. Mama kijana hahitaji sherehe kubwa, anahitaji zije mara nyingi. Katika kila matembezi tulijua nani amekonda, mtoto wa nani anakohoa, nani hakulala. Kikwembe cha sare ni kizuri kwa aliye nacho, lakini asiyeweza kukinunua hatasema kwamba hana. Atasema ana kazi nyumbani, na hamtamwona tena. Sahani inamruhusu kila mtu kuja, hata kama yake ina karanga tu. Na mbegu ilindwe na wengi, kwa sababu mama mmoja, mtoto akilia na wageni wakiwa mlangoni, hana nguvu ya kuilinda. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kuna yasiyokwisha. Kazi ya Kolwezi bado haijatulia, na daftari halijui namna ya kumrudisha baba nyumbani. Wamama wawili wetu wanaingia mwaka mpya na deni. Hayo tutayakalia mwezi wa kwanza.

Mwezi huohuo mtoto atatimiza mwaka mmoja. Matembezi yamekwisha kuandikwa: tutakwenda shambani kwake, kila mmoja na sahani yake, tukalipalilie mara ya pili. Zamu ya likelemba ni ya mama mshonaji, na hakuna wa kuigusa. Mdogo wetu naye ameomba misumari miwili. Anasema moshi wa jiko lake una nafasi ya kutundika magunzi mengi zaidi mwaka ujao.

Tuandikieni nanyi mnafanyaje. Salamu kwa watoto wote.